Paka wa Stoo Ana Mwenyewe: Acheni Kumfunga Waya, Mvisheni Mkanda Unaokatika

Niliahidi kwamba wiki hii tutaendelea na chanjo ya kideri kwa kuku. Hiyo itasubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni na nisipolisema sasa nitalala nalo.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi hapa katani kwetu, kuangalia mbuzi wake wawili waliokuwa wanaharisha. Nilipokuwa nanawa mikono akapita paka jike, wa kijivu mwenye milia, anachechemea, mguu mmoja wa mbele umening'inia kama si wake. Nilisikia harufu ya kidonda kabla sijamwona vizuri. Tulipomshika (alinikwaruza mikono yote miwili, simlaumu) nikakuta waya wa kufungia nondo, ule mweusi, umezungushwa shingoni na ncha zake zimesokotwa kwa koleo. Paka alikuwa amejaribu kuuvua kwa mguu wa mbele. Mguu ukapita ndani ya waya, waya ukashuka hadi kwapani, na hapo ukakaa ukikata siku baada ya siku mpaka nyama ikawa nje.

Nikamuuliza mzee, "Shikamoo tena mzee wangu, huyu nani amemfunga hivi?"

Akajibu bila kusita, "Mimi mwenyewe, bwana mifugo. Nimemwekea alama, watu wasiniibie."

Tulikata waya, tukasafisha kidonda, nikamwanzishia dawa. Mguu ule sijui kama utarudi. Jibu la mzee ndilo lililonifanya niandike. Huyu si mtu mkatili. Paka wake anamthamini; alimpata akiwa mdogo kwa kubadilishana na kuku mtetea, na kila jioni anamwekea maziwa kwenye kifuniko cha ndoo. Alichotaka ni haki kabisa: kila anayemwona ajue ana mwenyewe. Alichokosea ni kile alichomfunga nacho. Na najua hayuko peke yake, kwa sababu tangu Jumanne nimekuwa nikiangalia shingo za paka kila ninapopita, na nimeshaona kamba ya katani, kamba ya manila, uzi wa kiroba, mpira wa manati, na mmoja amefungwa kamba ya kiatu yenye mafundo manne.

Kwa hiyo leo nina ugomvi na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaofunga chochote walichookota. Wa pili, na hawa ndio wengi zaidi, ni wale wanaosema paka hana mwenyewe, kwa hiyo habari ya alama ni upuuzi wa watu wa mjini. Nianze na hawa wa pili.

Wewe unayenunua mahindi Julai na kuyashikilia hadi Januari, niambie ukweli: nani analinda stoo yako usiku? Kufuli halizuii panya. Hawa panya shamba wetu wana mimba ya siku 23 hivi tu, na jike mmoja anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Watafiti wa SUA pale Morogoro wamehangaika nao kwa miongo mingi, na makadirio yanayotajwa sana kwa mahindi ya nchi hii ni hasara ya asilimia 15. Maana yake, aliyetarajia magunia 20 amewaachia panya magunia 3, na hapo bado hujafika stoo. Ukifika stoo umehifadhi kwenye mifuko ya PICS, umefunga vizuri kama nilivyokufundisha, halafu panya anatoboa tundu moja tu chini kwenye kona. Hewa imeingia. Dumuzi waliokuwa wanakufa kwa kukosa hewa wamefufuka, na fedha ya mfuko imekwenda. Sijagusa magonjwa. Ile homa ya mgunda iliyotangazwa Lindi mwaka 2022, panya ni miongoni mwa wanyama wanaoieneza kwa mkojo wao, na mkojo huo unamwagika juu ya chakula na maji yetu.

Sisemi paka peke yake anamaliza panya. Hamalizi. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba, inua magunia juu ya vichanja, weka vizuizi vya bati kwenye miguu ya kihenge. Lakini ukiwa na paka mmoja mwenye kazi yake unaona tofauti, na ndiyo maana mwaka wa panya wengi paka wanaanza kupotea kijijini. Wanabebwa usiku kwenye viroba wakapewe kazi stoo ya mtu mwingine. Mnyama asiye na mwenyewe nani anahangaika kumwiba?

Sasa nikupe sababu kubwa kuliko mahindi.

Mwaka jana, kijiji cha jirani, mtoto wa darasa la pili aliumwa mkononi na paka alipojaribu kumnyang'anya kifaranga. Vijana wakamfukuza paka, wakamuua kwa mawe, wakamtupa kwenye choo cha shimo. Mimi nilifika kwa pikipiki saa mbili baadaye. Swali langu la kwanza lilikuwa, paka alikuwa wa nani? Wote wakaniangalia. "Wa hapahapa kijijini tu." Ana rangi gani? "Kijivu, milia." Ndugu msomaji, nusu ya paka wa kata hii ni wa kijivu wenye milia.

Pengine hujui kwa nini niliuliza. Kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa; paka naye anakipata, na anakupa kwa kukuuma. Mbwa au paka aliyeuma mtu, akiwa tayari ana virusi kwenye mate siku ile, ataonyesha dalili na kufa ndani ya siku 10. Kwa hiyo mnyama akijulikana, anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Akimaliza siku hizo mzima wa afya, daktari ana sababu ya kusimamisha sindano zilizobaki. Akiwa hajulikani, au ameshauawa na kutupwa chooni, hakuna cha kuangalia. Mtoto anamaliza dozi yote. Na lazima amalize, kwa sababu dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mama wa yule mtoto alisafiri kwenda hospitali kila tarehe aliyopangiwa, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na aliuza mahindi kwa debe wakati bei iko chini kabisa ili apate fedha. Siku ya nne, mama mwingine mwenye duka upande wa pili wa kijiji akanisimamisha barabarani. "Bwana mifugo, hujamwona paka wangu? Ana siku tatu hajarudi." Nikamuuliza yukoje. Wa kijivu, milia. Akaniambia na kadi yake ya chanjo anayo, nilimchanja mimi mwenyewe Septemba iliyopita. Nilisimama pale sijui nimjibu nini. Mpaka leo sijui kama ni yule aliyeuawa, na yeye hajui, na mama wa mtoto hajui. Kadi ilikuwa ndani ya droo ya duka. Shingoni mwa paka hakukuwa na kitu.

(Msinielewe vibaya. Hata paka akijulikana, hata akiwa na kadi, aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asisubiri zile siku 10 akiwa nyumbani. Kusimamisha sindano ni kazi ya daktari, si yako wala yangu. Na msimuue mnyama kwa hasira mkamtupa, mfungieni, mniite.)

"Nikimwandika jina si nimejiandikia kesi?"

Jambo hili niliwahi kuligusia kwenye mkutano wa kijiji. Mama mmoja akasimama akasema, "Bwana mifugo, paka wangu akila vifaranga vya jirani leo, nasema si wangu. Nikishamwandika jina si nimejiandikia kesi mwenyewe?" Watu wakacheka, na wengine wakapiga makofi.

Namshukuru yule mama kwa sababu alisema kweli ambayo wengi mnaificha. Hii habari ya "paka hana mwenyewe" inatokana na kukwepa madeni. Akikamata panya ni wa kwangu, akikamata kifaranga ni wa kijiji. Basi tukubaliane kwamba ndiyo, ukimwandika jina utadaiwa. Na ni haki udaiwe. Ng'ombe wako akiingia kwenye shamba la mtu unalipa, husemi ni ng'ombe wa kijiji.

Lakini hebu fanya hesabu yako upya. Leo hii jirani aliyeliwa vifaranga vitatu hana wa kumlalamikia, kwa hiyo anafanya nini? Anakwenda gulioni, ananunua kale kapakiti ka sumu, anapaka kwenye dagaa, anaweka nyuma ya banda. Atakufa paka wako, na huenda akafa mbwa wa mtu wa tatu, na Mungu apishe mbali, mtoto anayetambaa. Nimeitwa kwenye matukio ya namna hii mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Paka mwenye jina la nyumba shingoni anampa jirani mahali pa kwenda kugombana kabla ya kwenda kununua sumu. Mtagombana, utalipa vifaranga vitatu, na atafunika vifaranga wake kwa tenga wiki nne au tano za mwanzo kama nilivyowashauri siku zote. Paka atabaki hai. Vifaranga vitatu ukilinganisha na gunia moja la mahindi ya Januari, mimi naona hesabu imekaa upande wako.

Na yule anayebeba paka usiku kwenye kiroba, leo hana cha kuulizwa. Akikutwa na paka mwenye jina la nyumba yako, ana maelezo ya kutoa kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mkanda wa kushona mwenyewe

Kanuni ni moja, na ukiikumbuka hii unaweza kusahau mengine yote: mkanda wa paka lazima ukatike wenyewe akinasa. Paka si mbuzi. Paka anapanda, anapenya chini ya senyenge, anaruka kutoka darini. Mkanda ukinasa kwenye msumari au tawi na haukatiki, paka ananing'inia mpaka afe, au anaingiza mguu kama paka wa yule mzee. Watu wanadhani mkanda mzuri ni ule imara. Kwa mbwa, sawa. Kwa paka, mkanda imara ni kitanzi.

Nenda kwa fundi cherehani, omba mabaki ya kitenge, atakupa bure. Kata utepe, ukunje mara mbili uwe na upana wa kidole chako kidogo, ushone pembeni usichanike. Pima shingo ya paka kwa uzi: mkanda ukishavaliwa vidole viwili vipite chini yake, visilegee na visibane. Ukilegea sana ataingiza mguu au taya. Sasa jambo lenyewe lipo kwenye kiungo. Zile ncha mbili usizifunge fundo. Zipandishe moja juu ya nyingine, uzishike kwa mishono mitatu ya mkono kwa uzi mmoja wa pamba. Wa pamba, si nailoni, kwa sababu nailoni haikatiki.

Kabla hujamvisha, jaribu. Tundika mkanda kwenye msumari, upitishie kamba, ning'iniza mfuko wa sukari wa kilo 2, au mchanga wa uzito huo, uangushe kidogo. Ukikatika, ni mzuri. Usipokatika, toa mshono mmoja ujaribu tena. Paka wetu wengi wakubwa wana kilo 3 au 4, kwa hiyo ukikatika kwa kilo 2 utakatika kwake.

Kwa maka peni andika nje ya kitambaa jina la nyumba, kitongoji, na namba ya simu kama nafasi ipo. Namba mnabadilisha kila mkipoteza laini, kwa hiyo jina la nyumba ndilo la muhimu. Mvua ikifuta, andika tena. Mkanda ukidondoka usikasirike wala usiukaze zaidi safari ijayo. Umefanya kazi yake, na kuna mahali huko paka amenusurika. Shona mwingine. Andaa hata mitano siku moja.

Kila wiki pitisha vidole chini ya mkanda. Mtoto wa paka chini ya miezi sita usimvishe kabisa, anakua haraka na mkanda unabaki palepale. Nimeshaona ngozi imeota juu ya kamba.

Kuhusu rangi, naomba tuongee kama watu wazima. Sote tunajua paka mwenye kitambaa chekundu au cheusi shingoni watu wa huku wanamtafsiri vipi, hasa akiwa paka mweusi na ameonekana usiku kwenye ua wa mtu. Sibishani hapa na imani ya mtu. Nasema tu usimpe mtu sababu ya kuokota jiwe. Tumia kitenge cha maua, au cha njano, au cha bluu, maandishi yaonekane wazi. Na usishone kifuko kidogo cha kuwekea karatasi yenye jina. Wazo si baya, ila kitaitwa hirizi kabla ya jua kuzama.

Mikanda ya dukani ipo, wamachinga wanaileta kwenye gulio. Mingi ina kifungio kama cha mkanda wa suruali. Hiyo ni ya mbwa wadogo, iache. Ipo mingine yenye kifungio cha plastiki ambacho ukivuta kwa nguvu kinafunguka. Ukitaka kununua, vuta palepale mbele ya muuzaji. Akikuzuia kuvuta, usinunue.

Halafu kuna kengele. Karibu mikanda yote ya gulioni ina kengele ndogo, na watoto wanaipenda. Ndugu yangu, umefuga paka akamate panya, halafu unamfunga tarumbeta? Uingereza walifanya utafiti kwa paka wa majumbani, wakakuta waliofungwa kengele walileta nyumbani wanyama wadogo pungufu kwa takribani theluthi moja, na ndege pungufu zaidi ya hapo. Wao walifurahi, maana walikuwa wanataka kuokoa ndege. Wewe theluthi hiyo ya panya inabaki stoo kwako. Ing'oe. Mwenye kufuga paka kwa mapenzi tu na ana kuku wengi, hiyo ni habari nyingine, aiache.

Lastiki na mpira wa tyubu watu wanauona kama suluhisho kwa sababu unavutika. Unavutika, ndiyo, na ndiyo maana mguu unapita kwa urahisi, halafu unabana. Hapana.

Yapo mambo mengine nayasema haraka kwa sababu hayahitaji mjadala. Kukata sikio kwa wembe kama mnavyofanya kwa mbuzi: acheni, nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na ukatili ni kosa. Kupaka rangi ya mafuta mgongoni: paka anajilamba mwili mzima kila siku, ataimeza yote.

Na hili naomba mlisome mara mbili. Kuna watu wanachovya mkanda wa paka kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe ili uue viroboto. Dawa nyingi za josho tunazotumia sasa ni za jamii ya pairethroidi. Ng'ombe anazimudu, mbwa anazimudu kwa kipimo chake, lakini mwili wa paka hauwezi kuzivunjavunja. Ataanza kutetemeka, atadondosha mate, atapata degedege, na anaweza kufa. Mkanda wa viroboto wa mbwa nao usimvishe paka. Akiwa na viroboto njoo tuzungumze.

Chipu je?

Vijana wenye simu wameniuliza, kwa sababu wameona huko nje paka wanawekewa chipu. Ni kweli. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachomwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, kina namba yenye tarakimu 15. England wameifanya kuwa lazima tangu tarehe 10 Juni 2024: paka wa kufugwa awe nayo kabla ya kufikisha wiki 20, na mwenye kukaidi anaweza kupigwa faini hadi pauni 500. Haipotei wala hainyongi.

Kwetu huku kijijini haikusaidii, na atakayekuuzia leo anakula fedha yako. Namba ile haisomeki kwa macho. Inahitaji mashine, na inahitaji daftari kuu la kompyuta lenye jina lako. Mimi afisa wa kata mashine hiyo sina. Kijana aliyeshika jiwe mkononi hana mashine. Mama wa mtoto aliyeumwa hana mashine. Kitambaa cha kitenge chenye maandishi "kwa Mama fulani, kitongoji cha Mtakuja" anakisoma hata mtoto wa darasa la pili.

Ambaye paka wake anakataa mkanda kabisa, na wapo, mpige picha kwa simu pande zote mbili, sehemu za milia na madoa zionekane. Kisha mpeleke au uonyeshe picha kwa balozi na majirani watatu wa karibu. Mbona ng'ombe wa jirani unamjua kwa pembe tu?

Sasa na sisi maofisa tusijifiche. Kila mwaka tunapofanya chanjo ya kichaa cha mbwa, gari la matangazo linapita likisema "leteni mbwa wenu". Mbwa, mbwa, mbwa. Paka tunamtaja mwishoni kwa sauti ya chini, kama tunamtaja. Daftari langu la mwaka juzi lina safu ya jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa, umri wa mbwa. Wale paka wachache walioletwa niliwaandika pembeni, neno moja: "paka". Ndiyo maana nilishindwa kumjibu yule mama wa duka. Ningekuwa nimeandika mkia wake ulivyo, au doa la kifuani, pengine wale vijana wangeweza kuniambia ndiye au siye. Kosa lile ni langu, na nimeshachora daftari jipya.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Sisi hapa katani tarehe ya chanjo kwa kila kijiji itatangazwa na wenyeviti wa vitongoji, na mwaka huu nimewaomba watamke "mbwa na paka" kwa sauti moja. Paka wa miezi mitatu na kuendelea aje. Usimbebe mkononi kwenye umati wa mbwa, atakuumiza na atakimbia. Mlete kwenye tenga lenye mfuniko, au kikapu kilichofunikwa kwa khanga na kufungwa, kila paka na chake. Kadi ya mwaka jana njoo nayo. Wenye paka wa waya na kamba, msione haya, njooni mapema kabla foleni haijawa ndefu, koleo nitakuwa nalo. Mkasi, sindano na uzi wa pamba nitakuja navyo pia, na maka peni mbili. Kitambaa njoo nacho.